Huo mkono kiunoni unavuta nini?

Leo naomba niwachokoze ndugu zangu wa mkanda mweusi. Najua mpo wengi mnaopita hapa kusoma kimya kimya, na najua wapo watakaomaliza kusoma wakiwa wamenuna. Wanune tu. Jambo hili limenikera siku nyingi na nimechoka kulinong'ona kwenye korido za dojo kama vile ni siri ya serikali.

Jambo lenyewe ni mkono. Siyo mkono unaopiga, huo kila mtu anauangalia. Nazungumzia ule mwingine.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kucheza karate, picha ni hii: watu wamejipanga mistari, wamevaa nguo nyeupe, mwalimu anahesabu kwa Kijapani, ichi, ni, san. Kila hesabu ngumi moja inatoka mbele, na papo hapo ngumi ya pili inarudishwa kwa kasi hadi kiunoni, kiganja kikitazama juu. Watu wa Shotokan wanaiweka juu kidogo ya nyonga. Watu wa Goju-ryu na Kyokushin wanaipandisha hadi ubavuni, karibu na kwapa. Mkono huo unaorudi unaitwa hikite. Tafsiri yake, neno kwa neno, ni mkono unaovuta.

Swali langu ni jepesi hadi linaudhi. Unavuta nini?

Maana ninachokiona mimi, miaka yote, ni ngumi iliyofumbwa na ndani yake hamna kitu. Inavuta hewa. Mtu mzima anavuta hewa mara mia tatu kwa jioni moja, analipa ada ya mwezi, anapanda mkanda hadi mkanda, na hakuna hata siku moja aliyoambiwa kitu gani kilitakiwa kiwe mkononi mwake. Akiuliza anapewa jibu moja, na jibu hilo limekuwa kama wimbo wa taifa: "Ukivuta huku, unaongeza nguvu kule. Ni sheria ya Newton."

Haya, tuanze na Newton, maana marehemu anasingiziwa mengi.

Sheria ya tatu mliisoma wote sekondari. Kila kani ina kani mkabala, sawa nayo, kuelekea upande wa pili. Safi. Sasa fikiria unapiga ngumi ya kushoto. Ili ngumi hiyo iwe na uzito, kiwiliwili kizunguke: bega la kushoto liende mbele, la kulia lirudi nyuma. Wakati huo huo misuli yako inauvuta mkono wa kulia kurudi kiunoni. Kani mkabala inaangukia wapi? Inaangukia kwenye bega lile lile la kulia, na inalisukuma mbele! Yaani inakwenda kinyume kabisa na mzunguko uliokuwa unautafuta. Mkono ukifika kiunoni na kusimama ghafla, hapo ndipo unalivuta bega nyuma, lakini huko ni kulipa ulichokopa nukta moja iliyopita. Ukipiga hesabu, deni na malipo vinafutana.

Nguvu ya ngumi inatoka chini. Mguu unasukuma ardhi, ardhi inausukuma mguu, nyonga inazunguka, mgongo unafuata, bega, kiwiko, ngumi. Huyo ndiye Newton wa kweli. Mkono mtupu unaorudi kiunoni unaweza kumsaidia mgeni ajifunze kuzungusha nyonga, hilo sikatai, kama vile mtoto anavyojifunza kutembea kwa kushika ukuta. Ila hakuna anayesema kazi ya ukuta ni kutembeza watoto.

Na kama hamtaki fizikia, chukueni macho yenu. Hassan Mwakinyo alipommaliza Sam Eggington raundi ya pili pale Birmingham mwaka 2018, mmoja wenu aliuona mkono wake wa pili ukiwa umepumzika kiunoni? Rashid Matumla, na jina lake lote la Snake Man, aliwahi kuweka ngumi kwenye nyonga ili aongeze nguvu? Bondia akipiga, mkono wa pili unakaa shavuni kulinda taya, na watu wanalala chini vilevile. Kama kuvuta mkono hadi kiunoni kungekuwa kunaongeza nguvu ya maana, mabondia wangeshaiba siku nyingi. Watu wanaokula kwa ngumi hawana aibu ya kuiba.

Kwa hiyo tumebaki na mkono ulioacha uso wazi na haujaongeza nguvu. Hapo ndipo vijana wa MMA wanapoingia kwa kicheko. "Si tuliwaambia? Karate ni ngoma!" Nao nitawafikia, wasiwe na haraka.

Kwanza tuliangalie neno lenyewe, kwa sababu wakati mwingine jibu limekaa kwenye jina na sisi tunalipita kila siku. Wajapani wanatumia neno hikite kwenye milango. Ile milango yao ya kuteleza ina kishimo kidogo cha kuingizia vidole ili uuvute. Kishimo hicho ni hikite. Nenda kwenye judo, mchezo ambao Kano Jigoro aliuanzisha mwaka 1882. Mchezaji wa judo ana mikono miwili yenye majina: mmoja tsurite, unaonyanyua, kwa kawaida umeshika ukosi wa nguo ya mpinzani, mwingine hikite, unaovuta, umeshika mkono wa nguo yake. Neno ni lile lile. Jaribu kumwambia mchezaji wa judo kwamba hikite ni kufumba ngumi tupu na kuiweka kiunoni. Atadhani unaumwa.

Mlangoni hikite inavuta mlango. Kwenye judo inavuta mtu. Kwenye karate yetu peke yake ndiyo inavuta hewa. Hamuoni kwamba kuna kitu kimeanguka njiani?

Kimeanguka, na waliokuwepo kabla hakijaanguka waliandika. Funakoshi Gichin, mzee wa Okinawa anayetajwa kama baba wa karate ya kisasa, ambaye picha yake imetundikwa ukutani kwenye dojo nyingi za Shotokan na watu wanaiinamia kila wanapoingia, alieleza jambo hili waziwazi kwenye Karate-do Kyohan, kitabu chake cha mwaka 1935. Alisema maana ya hikite ni kuukamata mkono wa mshambuliaji, kuusokota na kuuvuta kwako hadi mwili wake upoteze msimamo. Basi! Na ona jinsi maelezo hayo yanavyofungua fumbo la pili: kwa nini ngumi ikirudi kiunoni inageuka kiganja juu? Kwa sababu unausokota mkono wa mtu. Ukishika kifundo chake na kugeuza, kiwiko chake kinageuka nacho na bega linashuka. Ukigeuza hewa, hakuna kinachoshuka.

Kwa maneno mengine, watu wanaiinamia picha ya mzee kisha wanageuka na kufundisha kinyume na alichoandika mzee. Hii tunaiitaje? Heshima?

Halafu yupo Motobu Choki, aliyezaliwa 1870, Mwokinawa ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kupigana kweli na siyo kuonyesha. Mwaka 1926 alitoa kitabu chenye picha za mazoezi ya watu wawili. Zitafuteni. Mikono yake yote miwili iko mbele, mmoja unapiga na mwenzake yupo pembeni yake, anazuia, anashika, anasukuma, tayari kupokea zamu. Kanuni hiyo inaitwa meotode, mikono ya mume na mke. Naipenda sana lugha hiyo. Mume na mke wakibeba mzigo, mmoja hakai kiunoni kumtazama mwenzake akihangaika.

Sasa tuliupoteza wapi huu ujuzi? Hapa ndipo hadithi inapokuwa tamu, na chungu.

Okinawa ilikuwa sehemu ya ufalme wa Ryukyu hadi Japani ilipoumeza rasmi mwaka 1879. Karate ya zamani ilifundishwa kwa watu wachache, mwalimu na mwanafunzi mmoja au wawili, kwa kushikana na kuonyeshana. Mwanzoni mwa karne ya 20, Itosu Anko akaipeleka shuleni kama mazoezi ya viungo. Mwaka 1908 aliandika barua maarufu yenye hoja 10 akiitetea karate ifundishwe mashuleni, na hakuficha kwamba vijana waliojengwa miili hivyo wangefaa pia jeshini. Ndiyo zama zilivyokuwa.

Fikiria hali hiyo. Una watoto mia uwanjani, una filimbi, una dakika chache. Utawafundisha kukaba shingo, kuvunja kiwiko, kuvuta mtu na kumpiga kwenye koo? Huwezi, na wala haifai. Unawapanga mistari, unahesabu, kila mtu anafanya pamoja, umbo linapendeza. Umbo likabaki, maelezo yakaachwa nyumbani kwa mwalimu, yakasubiri wachache waliofuata huko usiku.

Mwaka 1922 Funakoshi akaenda Tokyo kuonyesha karate kwenye maonyesho ya elimu ya viungo, kisha ikaingia vyuo vikuu, Keio ikiwa na klabu yake tangu 1924. Wanafunzi wa chuo mnawajua, wako wengi, wana damu ya moto na wanakaa miaka michache tu. Walitaka kushindana. Chama cha Karate cha Japani, kilichoanzishwa 1949, kikaandaa mashindano yake ya kwanza ya kitaifa mwaka 1957, mwaka ule ule aliofariki Funakoshi. Mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika Tokyo mwaka 1970. Na mashindano yana mantiki yake: watu wawili wanasimama mbali, mmoja anaruka, anagusa, anarudi. Kushika mtu bila kupiga mara moja ni kosa, unaonywa. Sasa mkono unaovuta utavuta nini kwenye mchezo ambao kushika kunabanwa namna hiyo? Ukabaki pambo. Pambo likahitaji sababu, akaitwa Newton.

Simlaumu Itosu, mzee aliokoa karate isife. Silaumu mashindano, karate ilifika hadi Olimpiki ya Tokyo iliyochezwa 2021 na mimi nilikesha kuangalia. Ninachokataa ni kumuuzia mtu pambo kwa bei ya jembe.

Maana jembe lenyewe lipo na linafanya kazi. Na nyinyi mmeshaliona, siyo kwenye dojo, ni kituo cha daladala. Kondakta na abiria wamezozana chenji. Hatua ya kwanza ni ipi? Kutukanana. Ya pili? Mmoja anamkwida mwenzake! Anamkamata shati kifuani kwa mkono mmoja, anamvuta, na mkono mwingine unaanza kazi. Hakuna aliyemfundisha kondakta. Hakwenda Okinawa. Lakini alichofanya ndicho hikite, tena halisi kuliko ya mkanda mweusi mwenye mistari mitatu.

Huko Canada na Marekani wachezaji wa hoki ya barafu wanapigana juu ya barafu, sehemu ambayo mguu hauna pa kukanyagia. Wanafanyaje? Mkono mmoja unang'ang'ania jezi ya adui, mwingine unatwanga. Jezi imekuwa silaha hadi ligi ya NHL inadai jezi ifungwe vizuri kwa kamba nyuma, isivutwe ikamfunika mtu kichwa. Barafu au vumbi, mwili wa binadamu ni ule ule.

Kwa nini inafanya kazi? Kwanza, mkono uliokamatwa haukupigi. Hesabu rahisi, alikuwa na mikono miwili amebaki na mmoja. Pili, aliyevutwa amepoteza msimamo, na mtu asiye na msimamo hapigi kwa nguvu, anahangaika asianguke. Tatu, anakuja kwenye ngumi yako wakati ngumi yako inakwenda kwake, na magari mawili yakigongana uso kwa uso mnajua yanavyokuwa. Nne, na hii naiona kubwa kuliko zote, mkono uliomshika unakuambia yuko wapi. Gizani, kwenye vurugu, damu machoni, huna haja ya kumtafuta. Umeshika kiwiko chake, kichwa chake hakiwezi kuwa mbali.

Kuna atakayesema huwezi kudaka ngumi hewani kama unadaka nzi. Kweli kabisa, huwezi, na anayefundisha hivyo naye ni tatizo jingine. Ngumi ya mtu mwenye hasira haidakwi. Lakini mikono ikishagusana, ikishagongana, akishakushika yeye mwenyewe shati, hapo kuna kitu cha kushika: kifundo, kiwiko, nguo, nywele, shingo. Hikite inaanza pale mnapogusana.

Na kata zimejaa ushahidi. Chukua Naihanchi, ambayo watu wa Shotokan wanaiita Tekki. Mkono mmoja unatoka pembeni ukiwa wazi, kisha kiwiko cha mkono wa pili kinakuja na kupiga kiganja chako mwenyewe. Nani anapiga kiganja chake? Jaza nafasi hiyo na kichwa cha mtu, kiganja kimekishika kwa nyuma, kiwiko kinafika. Imeeleweka mara moja. Au chukua ule mkono wa kuzuia juu unaofundishwa wiki ya kwanza. Mkono mmoja unatangulia juu, unarudi kiunoni, wa pili unapanda. Kama unazuia ngumi kwa ule wa pili, wa kwanza ulikwenda kutembea? Ulikwenda kushika! Ulimpokea, ukamvuta chini, na mkono uliopanda unaingia kwenye taya au shingo yake. Watu kama Iain Abernethy wa Uingereza wamekuwa wakiyaeleza haya kwa miaka, kwa vitabu na kwa video, bure kabisa mtandaoni. Hakuna siri tena. Kuna uvivu tu.

Sasa vijana wa MMA, zamu yenu. Mnasema hikite itupwe. Lakini mkimbana mtu kwenye kona, mnafanya nini? Mnamshika shingo kwa mkono mmoja na kumpiga kwa mwingine. Mnashika kifundo chake, mnauondoa mkono uliokuwa unalinda uso, mnapitisha ngumi. Mnaipa majina ya kisasa na mnailipia. Lyoto Machida, aliyekulia kwenye Shotokan, alichukua ubingwa wa UFC mwaka 2009, na hakuwa anaweka ngumi kiunoni kila anapopiga, maana hakuwa mjinga. Anajua umbali wa kurusha ni kitu kimoja na umbali wa kushikana ni kingine. Hikite ni ya umbali wa kushikana. Mnachokicheka ni picha yake iliyotundikwa mahali pasipo pake. Hapo tuko pamoja. Mkisema kitu chenyewe hakina maana, hapo mmepotea sawasawa na hao mnaowacheka.

Nimeandika yote haya siyo kwa sababu napenda historia. Kuna siku kwenye dojo moja hapa mjini dada mmoja mgeni, mfanyakazi wa benki, aliinua mkono akauliza: "Sensei, nikiweka mkono huu kiunoni, usoni nitajikinga na nini?" Swali la kwanza la akili nililolisikia mwezi ule. Alijibiwa apige pushapu ishirini, kwa sababu kwenye dojo hatuulizi, tunafanya. Akapiga. Hakuuliza tena, na mwezi uliofuata hakuonekana.

Dada yule hakuja kutafuta kombe. Alikuja kwa sababu anatoka kazini saa mbili usiku, anashuka kituoni, anatembea kwenye kichochoro kisicho na taa. Atakayemvamia pale hatasimama mita mbili mbele yake na kuinama. Atamshika. Mkono, mkoba, nywele, nguo. Yaani lile tukio ambalo hikite ilitengenezewa, la kushikwa na kushika, ndilo atakalokutana nalo, na tumemfundisha kuvuta hewa! Tumempa kitu kibaya kuliko kutojua. Tumempa imani. Atasimama pale pa kukimbia, akiamini mkono wake unajua kitu ambao haujafundishwa.

Mtaniambia nidhamu. Jamani, sisi ni watoto wa shule za kukariri. Tulikariri tarehe, tulikariri fomula, mwalimu akifuta ubao na sisi tunafuta kichwa. Tunajua kabisa jinsi mtu anavyoweza kupata alama nzuri kwenye kitu asichokielewa. Halafu tunatoka huko, tunalipa pesa zetu wenyewe jioni, tunakwenda kukariri tena, safari hii kwa mwili. Mwalimu anayejua haogopi swali. Anayetoa pushapu kwa swali amekuonyesha mwisho wa anachokijua.

Na wala dawa haihitaji Japani. Mara moja kwa wiki, dakika kumi na tano, simameni wawili wawili. Mwenzako anyooshe mkono au akukamate nguo. Shika kifundo au kiwiko chake, sokota, vuta hadi nyongani pako, na mkono wa pili upige taratibu kwenye pedi au usimame sentimita chache kabla ya uso. Msikie akiyumba. Kisha rudini mstarini, pigeni ngumi zenu hewani kwa hesabu kama kawaida, na mtaona mkono unavyorudi tofauti, kwa sababu sasa unakumbuka uzito wa mtu.

Wenye mikanda yenu, uwanja ni wenu. Njooni mnibishie, ila Newton mwacheni apumzike. Na wewe unayeanza mwezi huu, jioni ya kwanza tu, nyoosha mkono uulize unavuta nini. Ukipewa jibu, kaa. Ukipewa pushapu, piga, maana zina afya, kisha katafute dojo nyingine.